Mabuti Namba Saba

Kwenye shule yetu ya masista, kule kilimani nje kidogo ya Mafinga, mwalimu anayeondoka hutakiwa kuacha maandishi kwa ajili ya watakaokuja. Nimesoma ya walionitangulia. Yameandikwa na watu wenye mvi, waliofundisha mpaka magoti yakakataa ngazi za maabara. Mimi sijafika miaka thelathini na magoti yangu ni mazima. Nimepata tu ajira ya serikali karibu na nyumbani, Uyole, lakini chumba cha walimu kiliamua kwamba hiyo ni kustaafu, wakanifanyia hafla na kunikabidhi jembe. Mwalimu Kikoti alitoa hotuba kuhusu uzee wangu, akasimama kimya kidogo kwa heshima ya ujana wangu uliotutoka.

Basi naandika kama mstaafu. Habari za kupanda cheo nitaziruka kwa sababu hazikuwepo, na za mshahara nitaziruka kwa sababu mama yangu atasoma haya. Nitaeleza yale ambayo ningependa kuambiwa siku ya kwanza, ingawa ninavyojifahamu, ningeambiwa ningeyafikiria mpaka nikashindwa kushuka kwenye basi.

Nilifika asubuhi ya ukungu, ule wa Mufindi unaokufanya usione misonobari iliyo hatua chache mbele yako ila uisikie ikidondosha maji. Nilivaa suti, na viatu vya ngozi nilivyoazima kwa mjomba. Ukutani, mkabala na geti, yameandikwa kwa rangi ya bluu maneno manne ambayo masista huyaita tunu za shule: SALA, KAZI, UKARIMU, KIMYA. Nilisimama pale nikiyatafakari. Kwa nini sala ni ya kwanza na kimya cha mwisho? Je, mtu akiingia getini anatakiwa kusalimia, ambayo ndiyo ukarimu, au kunyamaza? Mimi ni Mmoraviani, na sikutaka kukosea kitu cha Kikatoliki kabla hata ya kupewa kiti. Nilipozinduka, mbele yangu alikuwa amesimama sista mrefu, jembe begani, shela ya kijivu kichwani, na miguuni mabuti meusi ya mpira yaliyojaa udongo mwekundu.

Huyo ndiye Sista Leokadia, mkuu wa shule. Aliniuliza kama najua kushika jembe. Nikamwambia nina shahada ya ualimu, historia na Kiswahili. Akasema hakuuliza hilo. Saa moja baadaye suti yangu ilikuwa kwenye mfereji wa kabichi pamoja nami, na kiatu kimoja cha mjomba kipo huko mpaka leo.

Mlio wageni mjue mapema: hapa kila mtu anashika jembe Ijumaa mchana, kuanzia mkuu wa shule hadi mwalimu wa fizikia. Masista wa shirika hili wanaamini kwamba msichana akimwona mwalimu wake amekwama kwenye tope, atajifunza kitu ambacho hakipo kwenye mtaala. Walichojifunza kwangu sijui, ila walikifurahia.

Aliyenilea kazini ni Mwalimu Kikoti wa hesabu, Mhehe wa Kilolo, mtu mwembamba anayeongea polepole kama anayekokotoa. Alinifundisha kwamba chaki ya huku inalowa kwa ukungu na kugoma kuandika, hivyo uiweke kwenye kopo karibu na jiko la chai kabla ya kipindi cha kwanza. Alinifundisha kusalimia kwa "Kamwene" bila kuivuta kama Mnyakyusa. Kubwa zaidi, alinieleza kuhusu kimya cha asubuhi. Tangu kengele ya kuamka mpaka Misa iishe, hakuna anayetamka neno eneo lote la shule. Mkikutana, unainamisha kichwa, basi.

"Kiasi gani?" nilimuuliza.

"Kiasi gani nini?"

"Kuinamisha kichwa. Kwa mkuu wa shule na kwa mpishi ni sawasawa?"

"Bwana mdogo," akasema Mwalimu Kikoti, "wewe utateseka sana hapa."

Nilipewa Kidato cha Tano, na kwa kuwa nilikuwa mgeni nisiyeweza kukataa, nilipewa pia kipindi cha kuwaeleza wasichana wapya dhamira ya shule na zile tunu nne. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Kilichoniangusha ni swali la binti mmoja aitwaye Minza, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao bonde la Usangu, msichana mtulivu anayeuliza maswali kama mtu anayetupa jiwe kwenye mzinga wa nyuki, kisha anakaa aone.

"Mwalimu, hizi tunu zikigongana, inashinda ipi?"

Nilimwambia haziwezi kugongana. Nililieleza hilo mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyeshawishika, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa niwaeleze Kwaresima yangu ya kwanza, kwa sababu mtaisikia hata nisipoandika, na wapishi wanaisimulia vibaya.

Jioni ya Jumatano ya Majivu, masista na walimu hukusanyika bwaloni na kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, huzungushwa. Ndani yake mna majina yetu sote. Kila mmoja anachota jina, na tangu hapo hadi Jumatano ya Juma Kuu yeye ni malaika wa huyo aliyemchota: amtendee jambo jema, dogo, mara kwa mara, kwa siri kabisa. Anayejulikana kabla ya siku ameharibu. Masista wanaichukulia desturi hii kwa uzito kuliko mitihani. Wanasema shule inayofundisha wema wa kuonekana inafundisha maigizo.

Nilichota Sista Leokadia.

Mnielewe hali yangu. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na uamuzi wa kama nitabaki au nitarudi Uyole kumsaidia mama kuuza viazi ungetolewa na Sista Leokadia wiki hiyohiyo ya Juma Kuu. Mama alikwishatangaza soko zima kwamba mwanawe ni mwalimu kwa masista. Kuna wateja waliokuwa wanaongezewa viazi kwa sababu yangu. Na mimi nilipapenda pale, pamoja na tope lake. Sasa nitendeje wema kwa mtu anayeshika hatima yangu bila kuonekana najipendekeza? Nikigundulika, nimejipendekeza. Nisipomtendea kitu, nimekiuka tunu. Nikimtendea kidogo mno, mimi ni bahili kwa mkuu wangu. Nilifikiria maua, nikaona yana tafsiri nyingine. Nilifikiria karanga, nikakumbuka ni mfungo. Mwishowe nikaona mabuti.

Kila asubuhi mabuti yake yalikuwa yamesimama kwenye mlango wa nyuma wa jiko la konventi, yaani nyumba ya masista, yamekauka na tope la jana. Wakati masista wote wako kwenye Misa, na mimi Mmoraviani sitegemewi kuwepo, ningeweza kuyaosha bombani, kuyafuta kwa kitambaa na kuyarudisha. Kosa la kuyachanganya lisingekuwepo, kwa kuwa kila sista ana namba yake ya kufulia, inashonwa kwenye nguo na kupakwa kwa rangi nyeupe kwenye kisigino cha buti. Ya Sista Leokadia ilikuwa saba.

Nilikwenda kwa kandambili. Nilikuwa na mabuti yangu, yaliyopasuka kisigino, lakini soli yake ilikuwa na alama za pekee na niliwaza kwamba mtu angeweza kufuata nyayo hadi mlangoni kwangu. Kandambili zinafanana dunia nzima. Niliona ni akili.

Majuma ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sista Leokadia alionekana akitembea na mabuti yanayong'aa, akiyatazama kwa mashaka. Nilimsikia akimuuliza mlinzi kama mvua ya huku imeanza kunyesha na sabuni.

Kisha nguruwe jike akazaa.

Mtunza nguruwe ni Sista Pulkeria, Mbena wa Njombe, mzee kuliko masista wote, mdogo wa umbo, na ana huruma kiasi kwamba ombaomba wa Mafinga humkwepa wasije wakapewa zaidi ya wanavyoweza kubeba. Siku ile alichelewa Misa kwa sababu ya vitoto vya nguruwe. Alikunja kona ya jiko na ndoo ya makombo mkononi, akanikuta nimechuchumaa bombani, buti moja la mkuu wa shule kwapani, kandambili zimezama kwenye tope, natetemeka kwa baridi.

Kengele ya kuamka ilikwishalia. Misa haikuwa imeisha. Hakuna aliyeweza kusema neno.

Niliinamisha kichwa. Akainamisha. Kisha tukabaki tunatazamana, nikaona ni lazima nijieleze kwa ishara. Nilionyesha buti. Nikaonyesha moyo wangu, maana yake ni kwa upendo. Nikaonyesha juu mbinguni, maana yake malaika. Nikapigapiga mikono ubavuni kama mabawa, ili pasiwe na shaka.

Sista Pulkeria alitazama buti, akatazama miguu yangu yenye tope, akatazama mikono yangu inavyojipigapiga mbavuni. Macho yake yakajaa machozi. Alitua ndoo, akavua mtandio wake wa sufu, akanizungushia shingoni. Kisha akachukua mabuti yote mawili ya Sista Leokadia, akapiga magoti na kuanza kunivisha.

Nilitikisa kichwa. Akatikisa chake zaidi. Nilijaribu kuyavua; akakunja mikono na kusimama njiani, uso umekuwa kama ukuta wa konventi. Kisha akaweka kidole midomoni, akiniahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Nikaondoka nimevaa mabuti ya mkuu wa shule, mtandio wa sufu shingoni, huku sauti za wimbo wa kumaliza Misa zikitoka kanisani nyuma yangu kama zinazonifukuza.

Mtasema, ningesubiri kimya kiishe nimwendee nimweleze. Nilifanya hivyo. Nilimfuata bandani saa nne, nikiwa na mabuti kwenye mfuko. Lakini Sista Pulkeria alikuwa amejinyima maneno Kwaresima nzima. Wengine huacha sukari. Yeye aliacha kuongea, isipokuwa na nguruwe. Nilimwambia mabuti haya siyo ya kupewa mimi, mimi ninayo yangu. Akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa hayo yangu, na pale kwenye kisigino kilichopasuka soksi ilikuwa inachungulia. Akanipapasa bega kwa huzuni, akamgeukia nguruwe na kumwambia, kwa Kibena cha taratibu, maneno ambayo sikuyaelewa ila nguruwe alionekana kuguswa.

Kesho yake nikayarudisha alfajiri. Nilikwenda tena kwa kandambili, kwa sababu ileile ya nyayo. Sista Pulkeria alikuwa amenitangulia, amesimama mlangoni na ndoo yake. Alimwona kijana fukara anayerudisha zawadi kwa aibu. Akanivisha upya namba saba, na ili nisijisikie mnyonge akaniongezea mkononi mabuti namba kumi na mbili, ya Sista mhasibu, yawe ya akiba.

Hapo nikaelewa mtego. Mimi sikuweza kusema kwa sababu malaika hajulikani kabla ya Jumatano ya Juma Kuu. Yeye hakuweza kusema kwa sababu alikuwa amenyamaza, na hata angekuwa anaongea, asingetaja sadaka aliyotoa kwa siri. Kila mmoja wetu alikuwa anatenda vema kabisa, na chini ya kitanda changu kulikuwa na jozi mbili za mabuti ya wizi.

Nilimwendea Mwalimu Kikoti na kumweleza kuhusu rafiki yangu mmoja wa Uyole aliyejikuta na viatu vya bosi wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo rafiki yako," akasema, "anavaa kiatu namba gani?"

"Saba," nikasema, nikijua palepale kwamba nimekwisha.

"Mwambie anyamaze mpaka Jumatano. Na asiende tena na kandambili."

Kwenye mstari wa Jumatatu Sista Leokadia alisimama mbele ya shule nzima na viatu vyake vya wazi na soksi za kijivu. Hakufoka. Alisema mabuti ya konventi yamepotea, na mabuti si kitu. Kilichomsumbua ni kwamba shule hii ilianzishwa na masista waliofika hapa kwa miguu, wakapokelewa na watu ambao hawakuwa na kitu, na ndiyo maana neno ukarimu liko ukutani. Kama kuna mtu hapa anahitaji kitu na ameona ni rahisi kuchukua kuliko kuomba, basi yeye, Leokadia, ameshindwa kazi yake. Hatapekua bweni lolote. Atasubiri. Kisha akarudi ofisini, soksi zilizolowa zikidondosha maji kwenye saruji.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kwamba sitathibitishwa kazini nilikuwa nimekwishakubali, na hata kuandaa maneno ya kumwambia mama. Nisichoweza kukubali ni yeye kuamini kwamba ameshindwa, na wasichana kuanza kutazamana mabwenini, kila mmoja akimhesabu mwenzake.

Wasichana walipata ufumbuzi wao. Alhamisi asubuhi, kimyakimya, kila mmoja alipeleka mabuti yake mwenyewe mlango wa nyuma wa konventi, ili Sista achague yatakayomtosha. Minza ndiye aliyeanza, na waliobaki wakamfuata. Walimu nao wakaweka ya kwao, akiwemo Mwalimu Kikoti; ya kwangu tu, yaliyopasuka, niliona aibu kuyatoa. Lilikuwa jambo zuri sana, ila kila Kwaresima kuna siku ya kukusanya vitu kwa ajili ya maskini, na Sista Pulkeria alipofika na ndoo yake akakuta mlangoni lundo la mabuti, alifikiri alichofikiri. Pikapu ya shule ilikuwa inakwenda Mafinga kuchukua maranda ya kulazia nguruwe. Akayapakia yote. Kufikia saa tatu mabuti ya shule nzima yalikuwa yamegawiwa kwa wapakiaji wa mbao kwenye viwanda, wanaume wenye miguu mipana, ambao inasemekana walishukuru sana na kuwapelekea wake zao.

Kwa hiyo Ijumaa mchana hapakuwa na mtu mwenye mabuti. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na maji yalikuwa yanafurika kwenye vinyungu, yaani zile bustani zetu za bondeni, ambako kabichi za shule zilikuwa zinazama. Ilitakiwa kuchimba mifereji siku ileile. Shule ikateremka peku, Sista Leokadia mbele, sketi imepandishwa na kufungwa kiunoni kwa kamba ya katani.

Mimi nilikuwa nyumbani nikifanya uamuzi. Nilikusudia kuteremka peku kama wenzangu, namba saba mkononi, niyaweke kwenye ukingo wa shamba mchana kweupe, niseme lolote litakalotoka. Nilifungua mlango. Kwenye njia ya mbele ya nyumba alikuwa amesimama Sista Pulkeria, jembe mkononi, ananisubiri tuongozane. Alitazama mabuti mkononi mwangu, akatazama miguu yangu, akakunja mikono.

Nikayavaa. Nilijiambia nitayavua nyuma ya misonobari. Lakini alinishika mkono njia nzima, kama bibi anayempeleka mjukuu kliniki.

Tulitokea kwenye ukingo wa bonde. Chini yetu, shule nzima ilikuwa imesimama kwenye tope hadi mashavu ya miguu. Mmoja akanyanyua kichwa, halafu mwingine, mpaka majembe yote yakasimama. Ndani ya eneo lote la shule alikuwepo mtu mmoja tu aliyevaa mabuti, naye ni mimi. Yalikuwa yanang'aa, kwa sababu nilikuwa nimeyasafisha kwa ajili ya kuyarudisha. Nilianza kushuka, nikateleza, nikafika chini kwa makalio, visigino viwili vikiwa juu, namba saba mbili nyeupe zikitazama umma.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha.

Sista Leokadia alinijia taratibu. "Mwalimu Lusajo," akasema, "hayo ni mabuti yangu."

"Ndiyo, Sista."

"Umeyapata wapi?"

Nilifungua mdomo. Mbele yangu palikuwa na Jumatano, na malaika, na kidole cha Sista Pulkeria midomoni, na mama na viazi vyake. Kila sentensi niliyoitunga ilimweka mtu mmoja pabaya. Nikafunga mdomo. Nilikuwa tayari kuwa mwizi. Niliona ni njia fupi.

Ndipo tukasikia sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia tangu Jumatano ya Majivu, imekwaruza kwa kukaa bila kazi.

"Nimempa mimi," alisema Sista Pulkeria. "Mtoto alikuwa peku kwenye baridi, anajipiga mbavu. Nikampa. Mlitaka nifanyeje?"

Sista Leokadia alimgeukia. "Umempa mabuti yangu, mama?"

"Ndiyo."

"Mlangoni palikuwa na jozi za masista wote. Kwa nini yangu?"

Sista Pulkeria alimwangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Maskini hapewi kitu kichafu, mwanangu. Yako ndiyo yalikuwa safi."

Nilimwona Sista Leokadia akilifuata jambo hilo hatua kwa hatua: mabuti yalikuwa safi, yeye hakuyasafisha, kuna mtu alikuwa anayasafisha kila asubuhi, na mtu huyo lazima alikuwa pale bombani, pengine kwa kandambili, siku mzee alipotokea. Macho yake yalinifikia, nikaona amefika mwisho wa hesabu. Minza, aliyesimama karibu, naye alikuwa amefika, akafungua mdomo kuuliza.

Sista Leokadia akainua mkono. "Hilo la nani alikuwa anayasafisha," alisema, "tutalijua Jumatano." Kisha akatazama ule mfereji wa mwisho kabisa, kule ambako maji yalikuwa hadi magotini na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufika. "Haya. Mwenye mabuti ndiye anashuka."

Nikashuka. Maji yaliingia kwa juu baada ya hatua ya pili, na tangu hapo mabuti hayakuwa na faida yoyote, lakini nilichimba mpaka jioni. Nyuma yangu mmoja alianza kucheka, kisha bonde zima. Niliyemsikia akicheka kwa muda mrefu kuliko wote ni Sista Pulkeria, ambaye alikuwa amekwishaharibu Kwaresima yake na akaona heri aitumie.

Jumatano nilimrudishia Sista mhasibu mabuti yake, kisha nikasimama bwaloni nikasema mimi ndiye malaika wa Sista Leokadia. Walipiga makofi kama kwamba ni habari mpya. Kesho yake aliniita ofisini. Nilikuwa nimeandaa utetezi.

"Uliogopa nitafikiri unajipendekeza," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Anayejipendekeza hajifichi."

"Nililifikiria hilo, Sista. Nikaona anaweza kujificha ili agunduliwe."

"Huwa unalala, Mwalimu?"

Nilimwambia siyo sana. Akasema baada ya Pasaka nitachukua na Kidato cha Sita, kwa hiyo nijitahidi kulala likizo hii. Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kazini. Mama alisherehekea kwa kuongezea viazi watu wasiomjua.

Mabuti ya wasichana hayakudaiwa. Wapakiaji walituma lori la mabanzi ya kuni bila kuombwa, na wazazi wakaleta mabuti mengine siku ya kutembelea wanafunzi. Baba yake Minza alipigiwa simu akaelezwa mkasa wote, akauliza swali moja tu, kama godoro la binti yake bado lipo. Minza mwenyewe alinisubiri mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, kumbe zinagongana."

"Zinagongana."

"Sasa ilishinda ipi?"

"Sikuona," nikamwambia. "Nilikuwa mferejini."

Akaandika hivyohivyo kwenye daftari. Nilimfundisha mwaka mwingine mzima na hakuwahi kuniuliza tena kuhusu tunu, ila kila Ijumaa alikuwa wa kwanza kushuka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida, nami siwachoshi nayo. Nilijifunza kukausha chaki. Nilijifunza kuinamisha kichwa kiasi kimoja kwa wote. Sikuchota tena jina la Sista Leokadia, ingawa asubuhi moja nilikuta mabuti yangu yameshonwa kisigino kwa uzi wa konventi, na kuhusu hilo nilifikiria majuma kadhaa.

Siku ya kuondoka, baada ya hotuba na lile jembe, nilivaa viatu vya ngozi, vyangu safari hii, nikabeba begi hadi getini. Mvua ilikuwa imekatika punde. Sista Pulkeria alikuwa ananisubiri chini ya yale maneno manne. Haikuwa Kwaresima, hivyo aliruhusiwa kuongea, lakini kwanza alitazama miguu yangu.

"Huko Uyole kuna matope?"

Zamani ningemjibu kwa tahadhari. Ningesema inategemea msimu, na upande gani wa barabara kuu.

"Yapo, Sista. Mengi."

Aliinama, akavua mabuti yake, akanipa. Sikutikisa kichwa. Niliketi kwenye begi, nikavua viatu vyangu, nikayavaa pale mbele yake, yakanibana vidole, nikamwambia yananitosha. Aliridhika. Akarudi bandani peku, akikwepa madimbwi kama kuku.

Naandika haya mezani kwa mama, malori yakipita barabarani kuelekea Tunduma. Mabuti yako mlangoni, kisigino kina namba tatu. Kwa hiyo ninyi mtakaochukua nafasi yangu, kazi yenu ya kwanza mnaijua: Sista Pulkeria hana mabuti. Mguu wake ni mdogo, saizi ya msichana wa Kidato cha Kwanza, na hapokei kitu kwa mkono, lazima akikute mlangoni asijue kimetoka kwa nani. Nendeni alfajiri, wakati wa Misa, bila kusema neno.

Na tafadhali, vaeni viatu.